UZI: Mkebe una nyuso ngapi? Pacha wangu wameandika jibu moja, mmoja kapata tiki, mwingine kapigwa kosa

#1 Nnalongo_Jinja
Habari za jioni wana jukwaa. Nina pacha wa P5 (darasa la tano la msingi hapa Uganda), Wasswa na Kato. Shule moja, mikondo miwili, walimu wawili. Jana nakagua madaftari nakuta zoezi lile lile: silinda ina nyuso ngapi, kingo ngapi, kona ngapi. Wote wameandika nyuso 3, maana walifanya pamoja hapa mezani kwangu. Wasswa kapata tiki. Kato kapigwa kosa, na pembeni mwalimu kaandika 2 kwa kalamu nyekundu. Kato hakula usiku. Alama moja haimuumi sana, linalomuuma ni kwamba nduguye kaandika neno hilo hilo akasifiwa.

Nimechukua mkebe wa maziwa ya unga nikaupitisha kiganja: juu, chini, na ule ubavu unaozunguka. Mimi nahesabu tatu. Ssalongo, baba yao, anasema mbili. Kesho kutwa naenda shuleni, na sitaki kumwendea mwalimu kwa ukali kisha ionekane mimi ndiye sijui. Naombeni msaada, hasa walimu.

#2 Mwalimu_Busia
Nnalongo, mpe Kato pole. Mwalimu aliyeandika 2 hakubuni. Vipo vitabu vinavyotaka uso uwe bapa, yaani ukilaza rula juu yake kwa upande wowote ilale yote, mwanga usipite chini. Kwa hesabu hiyo silinda ina nyuso 2, yale maduara ya juu na chini, na ule ubavu unaitwa jina lingine. Mimi darasani nasema "nyuso bapa 2, uso wa mviringo 1".

#3 Boda_Kireka
Mwalimu, 2 kujumlisha 1 ni ngapi?

#4 Mwalimu_Busia
Ni 3, ndugu yangu. Ila swali likiuliza "nyuso" bila kusema bapa wala mviringo, mtoto anabaki kukisia msahihishaji amelelewa na kitabu gani.

#5 FundiBati_Katwe
Mimi sikufika mbali shuleni ila bati nakata mwaka wa 19 sasa. Natengeneza faneli, sigiri, masanduku ya watoto wa bweni, na mikebe ya kupimia nafaka sokoni. Nawaambia ninavyoutengeneza mkebe, nyie mtahesabu.

Kwanza nachora maduara mawili kwa msumari na uzi. Tuseme kipenyo ni sm 14. Halafu nakata ubavu. Ubavu wa mkebe kabla sijaukunja ni mstatili kamili, kona nne, umelala chini kama mkeka. Kimo chake ndicho kimo cha mkebe. Urefu wake lazima utoshe kulizunguka duara: 14 mara 22 gawanya kwa 7, sm 44. Naongeza sm 1 ya kukunjia kiungo, kwa hiyo nakata 45. Kijana mpya hapa bandani kila mara anasahau ile 1, anakuja na mkebe ambao kitako kinapwaya.

Basi ni vipande vitatu. Mteja ananilipa vitatu. Nnalongo, Kato yuko sawa.

#6 Nnalongo_Jinja
Fundi, asante sana. Hiyo ya mstatili kukunjwa sijawahi kuifikiria. Nimemenya karatasi ya mkebe wa samaki sasa hivi, imetoka imenyooka kabisa. Kato ameichukua, anaifunga na kuifungua.

#7 Bint_Bombo
Tatizo naliona kwenye lugha, si kwenye mkebe. Tangu mtaala wa mada uanze 2007, mtoto anasoma P1 hadi P3 kwa lugha ya kwao, P4 anahamishiwa Kiingereza. Kwa hiyo miaka mitatu amezoea neno moja la "upande", na neno hilo hilo linabeba mstari wa mraba, ubavu wa boksi na upande wa barabara. Ghafla anaambiwa kuna upande, kuna uso, kuna ukingo, na kila kimoja kina jina lake la kigeni. Hapa kwetu tunakozungumza Kinubi nyumbani mzigo ni mara mbili.

#8 Mkazi_Ntinda
Bint_Bombo, sahihisho dogo. Shule nyingi za mijini, ambako darasa moja lina watoto wa makabila kumi, zinafundisha kwa Kiingereza tangu P1. Na watoto wa huko nao wanakosea swali hili. Kwa hiyo lugha peke yake haitoshi kuwa sababu.

#9 Bint_Bombo
Kweli, mjini ni hivyo. Lakini hata huko nyumbani mtoto anasema lugha nyingine. Neno "uso" analiona ni la mtu, lenye macho na pua.

#10 Ustadh_Kibuli
Hapo kwenye maneno naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipopata shida na mwanafunzi wangu wa madrasa anayesoma P6. Alikuja analia kwamba mwalimu wa shule kamwambia mraba ni aina ya mstatili. Yeye kagoma. Na mimi nilimwelewa kwa nini anagoma.

Mstatili tumeuchukua kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni kitu kilichorefushwa. Mraba unatokana na nne. Sasa ukimwambia mtoto kwamba mraba, ambao haukurefushwa popote, ni mstatili, sikio lake linakataa kabla akili haijapima. Lakini hisabati haiulizi neno limetoka wapi, inauliza sifa: pembe nne za nyuzi 90, pande zinazokabiliana ziwe sawa na sambamba, milalo miwili, yaani mistari inayounganisha kona zinazotazamana, iwe na urefu mmoja na ikatane katikati. Mraba una zote hizo, halafu unaongeza yake: pande zote nne sawa, na milalo inakatana kwa pembe mraba, yaani nyuzi 90. Nilimchorea haya kwenye mchanga uani. Alikubali pande, alikubali pembe, alikubali milalo, kisha akaniambia, "Lakini ustadh, bado si mstatili."

#11 Boda_Kireka
Huyo mtoto atakuwa wakili.

#12 Mkufunzi_Gulu
Ustadh, kisa chako ndicho nilichokuwa nakisubiri. Nafundisha walimu watarajiwa, na kila mwaka narudi kwa wanandoa wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walimu wa sekondari waliotoa tasnifu zao mwaka 1957. Walisema mtoto hupanda ngazi katika kuelewa maumbo. Ngazi ya kwanza anatambua kwa sura nzima: hii ni mraba kwa sababu inafanana na dirisha letu. Ya pili anaanza kuona sifa: pande, pembe, milalo. Ni ya tatu ndipo sifa zinapoanza kushikana, akakubali kwamba umbo moja linaweza kuwa ndani ya familia ya lingine. Mwanafunzi wako yuko ya pili, na wewe ulikuwa unazungumza kutoka ya tatu. Walisema wazi kwamba mwalimu na mwanafunzi wakiwa ngazi tofauti hawasikilizani, hata wakitumia maneno yale yale.

Jaribu hili kwa mtoto wa P3. Kata mraba wa boksi, mwoneshe umelala sawa, atasema mraba. Ugeuze usimame kwa kona yake. Watoto wengi niliowajaribu wanabadilisha jina, wanasema tiara au almasi. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mkono wangu. Hii inatokana na ubao: mwalimu anachora mraba umelala, pembetatu imekaa kitako na ncha juu, kila siku, miaka saba. Pembetatu iliyoangalia chini mtoto haijui.

#13 Mwalimu_Busia
Mkufunzi, nakuheshimu, lakini njoo darasani kwangu. Nina watoto 94, ubao mmoja, na kipindi cha dakika 40. Ngazi ya nani nitaipima? Na mwisho wa P7 karatasi ya hisabati ya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, ina maswali 32: sehemu ya kwanza maswali 20 ya alama mbili mbili, ya pili maswali 12 yanayobeba alama 60. Mzazi hataniuliza kama mtoto amepanda ngazi. Ataniuliza kapata daraja gani. Ndiyo maana tunafundisha kwa jedwali: mchemraba nyuso 6, kingo 12, kona 8. Wanakariri, wanapata.

#14 Nnalongo_Jinja
Mwalimu, ndiyo, wanapata. Lakini Kato alikariri jedwali la mkondo wa nduguye.

#15 DukaLaSabuni_Mbale
Nnalongo hapo umenena.

Mimi si mwalimu, nina duka. Niwape ninachokiona kila siku kaunta. Wateja wengi hawanunui mche mzima wa sabuni, wananunua kipande. Naulaza mche, napitisha kisu, nakata. Watoto wanaotumwa wanapenda kuangalia. Siku moja binti wa kama miaka minane akaniuliza kwa nini kila nikikata, "mdomo" wa sabuni unabaki vilevile. Nikakata tena mbele yake. Mstatili ule ule. Nikakata nyembamba, ule ule. Akataka nikate na karoti aliyokuwa amenunua. Nikakata: duara kubwa, duara la kati, duara dogo, mpaka ncha. Akacheka sana, akaondoka na vipande vyake.

Sasa nasoma hapa mnasema mchemraba, nikajiuliza kama huo mche ni huo huo wa sabuni.

#16 Ustadh_Kibuli
Ndio huo huo, mama. Katika hisabati ya Kiswahili mche ni umbo ambalo ukilikata sambamba na kitako chake, popote pale, unapata sura ile ile ya kitako, kwa ukubwa ule ule. Kwa hiyo kuna mchemraba, mche wa pembetatu, na silinda, ambayo wengine wanaiita mcheduara. Na lile la karoti, linalochongoka mpaka ncha, linaitwa pia, kama pia ya watoto inayozungushwa kwa kamba. Siku hizi wengi wanasema koni. Maneno haya yana picha ndani yake, na inaniuma kuona watoto wetu hawayapati, wakati Kiswahili kimeshatangazwa lugha rasmi mwaka 2022.

#17 Mkazi_Ntinda
Ustadh, tuiweke sawa: katiba ilirekebishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 lilikuwa ni baraza la mawaziri kuamua utekelezaji, pamoja na kukifanya somo la lazima mashuleni.

#18 Ustadh_Kibuli
Ahsante kwa sahihisho. Hoja yangu inabaki.

#19 Mhandisi_Mbarara
Nimechelewa. Hakuna aliyemtaja Euler? Leonhard Euler, Mswisi wa karne ya 18, alionesha kwamba kwa umbo lenye nyuso bapa lisilo na tundu, ukichukua kona, ukatoa kingo, ukajumlisha nyuso, unapata 2. Mchemraba: 8 toa 12 jumlisha 6 ni 2. Piramidi ya kitako cha mraba: 5 toa 8 jumlisha 5 ni 2. Ukitaka kumfurahisha mtoto, mpe mpira wa zamani wa vipande vyeupe na vyeusi. Vyeusi 12 vina pande tano, vyeupe 20 vina pande sita. Kona 60, kingo 90, vipande 32. Tena 2.

Sasa weka silinda ya Wasswa: kona 0, kingo 2, nyuso 3. Sifuri toa 2 jumlisha 3 ni 1. Haikubali. Weka ya mwalimu wa Kato, nyuso 2: unapata 0. Haikubali pia. Kwa hiyo walimu wote wawili Euler amewakatalia.

#20 Mwanafunzi_Kyambogo
Mbona koni inakubali? Kona 1, ukingo 1, nyuso 2. Moja toa moja jumlisha 2 ni 2.

#21 Mhandisi_Mbarara
Inakubali kwa bahati. Ile ncha hakuna ukingo unaoifikia, kwa hiyo si kona kwa maana ya Euler. Kanuni ni ya nyuso bapa na kingo zinazoanzia kwenye kona na kuishia kwenye kona. Duara la juu ya mkebe halianzii popote.

#22 FundiBati_Katwe
Linaanzia kwenye kiungo.

#23 Mhandisi_Mbarara
Fundi, fafanua.

#24 FundiBati_Katwe
Mkebe wangu una viungo vitatu vya kulehemu. Duara la juu, duara la chini, na ule mstari uliosimama ubavuni pale mstatili ulipokutana na wenyewe. Nyie mnahesabu kingo mbili kwa sababu mnatazama picha ya kitabuni, haina kiungo. Shika mkebe wowote wa bati, mstari huo utauona. Na unapogusa duara la juu pana nukta, unapogusa la chini pana nukta. Mimi risasi yangu ya kulehemia inaanzia hapo.

#25 Mkufunzi_Gulu
Ngojeni. Nukta 2, viungo 3, vipande 3. Mbili toa tatu jumlisha tatu.

Ni 2.

#26 Mhandisi_Mbarara
Nimeandika kwenye karatasi mara mbili. Fundi yuko sahihi. Ukiuweka ule mshono, kila ukingo una pa kuanzia na pa kuishia, na ubavu unaweza kufunguka ukawa kipande kimoja. Kanuni inakubali.

#27 Boda_Kireka
Katwe 1, Mbarara 0. Fundi, na koni je?

#28 FundiBati_Katwe
Koni ni faneli. Nachora duara la nusukipenyo sm 21, nakata theluthi yake, kama kipande cha chapati ukiigawa watu watatu. Nakunja kipande hicho mpaka kingo zake mbili zilizonyooka zikutane. Mdomo wake unatoka na nusukipenyo sm 7. Tatu katika 21 ni saba. Nikitaka faneli iliyofunguka zaidi nakata kipande kikubwa zaidi. Na mshono upo, kutoka ncha hadi mdomo.

#29 Mwalimu_Busia
Fundi, heshima yako. Lakini mtoto wangu wa P5 akiandika kingo 3 za silinda kwenye mtihani, anapigwa kosa. Mshono si sehemu ya umbo, ni sehemu ya bati. Silinda ya udongo haina mshono. Shina la mgomba nalo halina.

#30 Mkufunzi_Gulu
Nakubaliana nawe nusu. Mshono si wa umbo. Lakini ni fundi aliyetuonesha kwa nini hesabu haikubali, na jedwali la kukariri haliwezi kuonesha hilo.

Huku kwetu nawapeleka walimu watarajiwa nje wakatazame nyumba ya msonge. Ukuta ni silinda, paa ni pia. Nawauliza: ukingo uko wapi? Mmoja anasema pale paa linapokutana na ukuta. Mwingine anasema paa limetokeza nje ya ukuta, kwa hiyo havikutani hapo unapopaona. Wanabishana nusu saa juani.

#31 MzeeWaMasaka
Vijana, na mimi niongeze moja. Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, ile nyumba kuu Muzibu Azaala Mpanga. Ukiinua macho ndani unaona pete za majani ya mitende zimepangwa 52, kwa koo 52 za Baganda. Paa ni kuba la nyasi, si koni ya ncha. Pete zote zina kitovu kimoja, na kila moja ni ndogo kuliko iliyo nje yake. Babu yangu alinifundisha kuhesabu koo kwa pete hizo. Iliungua Machi 2010, na nilipoiona imejengwa tena nilizihesabu upya.

#32 Bint_Bombo
Mzee, asante. Hili la pete nitampa mwanangu.

Turudi kidogo nyuma. Mnasema maumbo bapa na maumbo yenye ujazo, lakini shuleni wanawapa watoto pembetatu ya kadibodi na kusema ni umbo bapa. Kadibodi ina unene. Na sambusa kila mtu anaiita pembetatu.

#33 DukaLaSabuni_Mbale
Sambusa ina nyama ndani, itakuwaje bapa?

#34 Mkufunzi_Gulu
Bint_Bombo ana haki. Kila unachoweza kukishika kina ujazo, hata karatasi. Umbo bapa mimi nalifundisha kwa alama. Mwagia vumbi laini sakafuni, simamisha mkebe, uinue. Kilichobaki vumbini ni duara. Laza mkebe ubavuni uuviringishe mzunguko mmoja: kilichobaki ni mstatili. Boksi la kiberiti linaacha mistatili ya aina tatu, inategemea umelikalisha vipi. Mtoto anajifunza hapo kwamba umbo bapa ni unyayo wa umbo lenye ujazo. Hakuna gharama, hata kwa watoto 94. Mwalimu wa Busia, gawa makundi kumi nje.

#35 Mwalimu_Busia
Hiyo nitaijaribu Jumatatu. Mvua isiponyesha.

#36 Mwanafunzi_Kyambogo
Ongezeni na ya kufunua maboksi. Miraba sita ukiiunganisha ukingo kwa ukingo unapata mipangilio 35 tofauti, lakini ni 11 tu inayokunjika ikawa mchemraba. Nilikaa wikendi nzima na mkasi mpaka nikaipata yote 11.

#37 Nnalongo_Jinja
Nimerudi kutoka shuleni. Nilikwenda na mkebe na karatasi yake. Walimu wote wawili walinipokea vizuri. Mwalimu wa Kato alinifungulia kitabu chake, na kweli kimeandikwa uso ni eneo bapa. Mwalimu wa Wasswa akaleta chake, kimeandikwa silinda nyuso tatu. Wakatazamana. Hawakuwa wamewahi kulinganisha, na ofisi zao zimetenganishwa na ukuta tu. Wamesema watakaa na mkuu wa somo. Kosa la Kato halijafutwa, ila mwalimu kaandika chini yake "nyuso bapa 2, wa mviringo 1", kampa nusu alama. Kato amekula.

Fundi, nilimwambia habari ya mshono. Amezunguka nyumba nzima akitafuta mshono kwenye kila kitu, mpaka akafika bombani uani. Ananiuliza: bomba halina juu wala chini, limetobolewa kotekote. Ndani lina ubavu, nje lina ubavu, na zile pete mbili za mwisho nazo zina unene unaoweza kuugusa kwa kidole. Anahesabu nyuso nne. Wasswa anasema ni moja.

#38 Mhandisi_Mbarara
Bomba lina tundu, Euler wa 2 hahusiki hapo. Kwa umbo la namna hiyo jibu linatoka 0. Kato asihesabu tu nyuso, ahesabu na mishono.

#39 FundiBati_Katwe
Bomba la chuma au la plastiki? La plastiki halina mshono.